Jenerali Auzāns alikuwa pia mpimaji

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Jenerali Andrejs Auzāns wa Latvia (1871–1953) ilimweleza kama kamanda tu, aliyeongoza brigedi ya pili ya askari wa bunduki wa Latvia katika Mapigano ya Krismasi karibu na Riga, Januari 1917. Sifa hiyo anaistahili, lakini imefunika fani yake ya msingi, yaani jiodesia (sayansi ya kupima umbo na ukubwa wa dunia) na uchoraji wa ramani za kijeshi.

Kazi hiyo si ndogo hata kidogo. Mpimaji wa zama zile alipima mstari mmoja wa msingi ardhini kwa makini mno, kisha akasoma pembe kwa theodolaiti (chombo cha kupimia pembe), mara nyingi juu ya minara ya mbao, na kukokotoa umbali mwingine kutokana na mstari huo, pembetatu baada ya pembetatu. Kosa la mstari wa kwanza huenea katika mlolongo mzima wa pembetatu, ndiyo maana mstari wa msingi wa pili hupimwa mwishoni ili kuhakiki. Tena pembe zikijumlishwa hazitoi nyuzi 180 kamili: pembetatu yenye pande za kilomita 30 huzidi kwa takriban sekunde 2 za pembe (sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja), kwa sababu dunia imepinda. Asiyeitoa ziada hiyo hudhani chombo kimekosea, akaharibu vipimo vizuri.

Naomba mchapishe makala ya pili yenye mchoro wa mlolongo huo, na kabla ya kuchapwa ipitiwe na mpimaji ardhi.

Mpimaji Ardhi,
Dodoma