Kuwauliza manusura "mbona hukusema?" ni kuwaumiza upya

Mhariri,

Mtu mzima anapofichua kwamba alidhalilishwa kingono utotoni, swali la kwanza huwa ni kwa nini hakusema mapema. Mtoto anayeumizwa na mtu anayemtegemea kwa chakula na malezi mara nyingi huona afadhali ajilaumu mwenyewe kuliko kumshuku mlezi wake, na lawama hiyo hukua naye.

Ukubwani hujitokeza kama sonona, ulevi, au mambo ambayo jamaa huyaita ukorofi tu: kushtuka akiguswa bega kutoka nyuma, kuamka usiku kuhakikisha mlango umefungwa, kukwepa uchunguzi wa daktari. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unatambua aina changamano ya msongo unaofuata kiwewe (jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha), ambayo humfanya mtu ajione hana thamani na ashindwe kuwa karibu na wengine. Tiba ya kisaikolojia inayolenga kiwewe husaidia hata baada ya miaka mingi, ingawa (nasema kwa masikitiko) wengi hukata tamaa kwa sababu mtu wa kwanza waliyemwambia alitaka ushahidi kabla ya kusikiliza.

Msomaji wenu