Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nitasema juu ya mambo mawili yanayoharibu picha zetu za wino wa alkoholi, yaani wino wa rangi iliyoyeyushwa katika alkoholi: unyevu na jua.

Alkoholi hufyonza maji ya hewani, na inapokauka hupoza karatasi, unyevu ukatua juu yake. Hapo ndipo rangi hukatika na kuingia ukungu. Wakati wa masika, ndani ya nyumba za mawe za Mji Mkongwe, hali hii haikwepeki kwa urahisi. Tumieni alkoholi ya isopropili ya asilimia 91 au 99, na chupa ifungwe mara baada ya kumimina. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi. Iwekeni kwa kunyunyizia madoa ya makusudi tu. Msipulize kwa mdomo, pumzi nayo ina maji. Draya iwe ya moto mdogo na kasi ndogo, kwani karatasi tunayochorea, iitwayo Yupo, ni plastiki na hujikunja. Kabla ya yote ifuteni kwa alkoholi, maana mafuta ya vidole huukataa wino. Mstari mzito wa ukingoni usioutaka, upitishie brashi yenye alkoholi; hata ukiwa umekauka utayeyuka.

Kupauka ni jambo zito zaidi, kwa sababu mnunuzi ameshalipa. Wino mwingi wa aina hii ni rangi iliyoyeyuka kabisa, si unga wa rangi, na mionzi ya jua huivunja. Picha ikishakauka vizuri, pulizeni Kamar, vanishi ya kopo la kupuliza, makoti mawili au matatu membamba, kisha vanishi ya kuzuia mionzi. Koti nene huyeyusha wino ukachuruzika. Vanishi ya brashi yenye alkoholi huufuta kabisa. Siku ya mvua msipulize, vanishi hugeuka nyeupe. Kazi za masika zingoje kipupwe.

Hata hivyo vanishi huchelewesha tu, haizuii. Picha isitundikwe barazani wala mkabala na dirisha, na mnunuzi aambiwe hivyo waziwazi.

Madirisha yawe wazi, glavu mkononi, na chetezo cha udi kikae chumba kingine: mvuke wa alkoholi hushika moto upesi.

Kamati inapendekeza kila picha inayouzwa kupitia chama iandikwe nyuma aina ya wino, vanishi iliyotumika na tarehe ya kupulizwa. Naomba wanachama mlipigie kura leo.