Bakteria wa tumboni nao wapimiwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Hapa Ngamiani mtoto akitoka shule hela yake inaishia kwenye juisi ya unga au ubuyu uliokolea rangi mpaka ulimi unabaki mwekundu hadi usiku, ukiuliza unajibiwa aah hizo rangi na viongezeo vingine vya chakula si vimepimwa. Sawa, vimepimwa nini? Kawaida wanalisha panya, wanatafuta dozi isiyowadhuru, wanagawanya kwa 100, hicho ndo kiwango cha binadamu kwa siku. Wanaangalia ini, figo, kansa, uzazi. Ila wale bakteria matrilioni wa utumbo mpana, wanaochakata nyuzinyuzi na kulinda ukuta wa utumbo, viongezeo vingi vilipitishwa zamani kabla mtu hajawawazia.

Na dalili zipo. 2014 watafiti wa Israeli walionyesha sakarini, ile sukari ya maabara, inavuruga bakteria wa panya mpaka mwili unashindwa kushusha sukari ya damu vizuri, 2015 Wamarekani wakaja na polisobeti 80, inayofanya mafuta na maji visitengane, panya wakapata uvimbe wa utumbo. Panya sio mtu, najua, msinirukie. Lakini TBS, shirika la viwango la Tanzania, ambao ndo wenye dhamana ya vyakula tangu 2019, watuambie hilo wanaliangaliaje, na huyu wa ubuyu usio na lebo nani anampima? Maana rangi anamimina kwa kijiko cha chai, anakadiria kwa macho tu.

Mama wa watatu, Ngamiani, Tanga