Kwa Mwanangu, Kuhusu Kazi ya Skripti Uliyopewa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeona jinsi unavyosita kupokea kazi ya kuandika skripti ya filamu kwa kuchelea watu wasije wakasema umeipa riwaya kisogo. Kabla hujawajibu hao waliokuita, naomba usome habari za Ruth Prawer Jhabvala, mwandishi ambaye nimempenda tangu ujana wangu.

Alizaliwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1927, katika familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Uingereza mwaka 1939. Mwaka 1951 aliolewa na msanifu majengo wa Kihindi, wakaenda kuishi Delhi, na huko ndiko alikoandika riwaya zake za mwanzo. Watengenezaji filamu Ismail Merchant na James Ivory walipompigia simu wakitaka kuigeuza The Householder, riwaya yake ya mwaka 1960, kuwa filamu, alijifanya ni mama mkwe wake ndiye anayezungumza, kwa jinsi alivyopenda kuachwa katika upweke wake. Hakuwa amewahi kuandika skripti, na wao hawakuwa wamewahi kutengeneza filamu ndefu ya hadithi. Filamu ilitoka mwaka 1963, na ushirika wao ukadumu miaka zaidi ya 40.

Ninachotaka ukitazame kwa makini ni namna alivyofanya kazi hiyo. Katika The Remains of the Day, riwaya ya Kazuo Ishiguro, Stevens, mtumishi mkuu wa nyumba ya kitajiri, anasimulia mwenyewe, na msomaji huyagundua mapenzi yake katika yale anayoyakwepa kuyasema. Kamera haina pa kuyaweka mawazo hayo. Basi filamu ya mwaka 1993, ambayo Jhabvala aliiandikia skripti, inaliegemea tukio moja dogo: Stevens amekikumbatia kitabu kifuani, na Bi Kenton, msimamizi wa watumishi wa kike wa nyumba hiyo, anamsogelea karibu mno, akivibandua vidole vyake kimoja kimoja ili aone anachosoma. Hakuna anayetamka neno mapenzi, lakini mtazamaji ameshayaona.

Wala riwaya hakuiacha. Heat and Dust, iliyompatia Tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza, mwaka 1975, inaruka huku na huko kati ya India ya mwaka 1923 na ile ya miaka ya 1970, na mimi naona humo mkono wa mtu aliyekwisha kujua picha zinavyokatwa na kuunganishwa. Baadaye alishinda Oscar mbili kwa skripti zilizotokana na riwaya za E. M. Forster. Mwaka 2013, siku chache kabla hajafariki, jarida la The New Yorker lilikuwa limetoka na hadithi yake fupi.

Kwa hiyo, mwanangu, ipokee kazi hiyo, ila chunguza kwanza kama mwongozaji na mtayarishaji ni watu utakaoweza kubishana nao juu ya ukurasa mmoja na kesho yake mkaendelea. Asubuhi zako ziachie riwaya, na sura ya tatu ikikamilika nitumie, kwani naisubiri kwa hamu.

Mama yako akupendaye