Sikiliza hii kabla hujaacha muziki

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Habari za siku nyingi, habari za shemeji na watoto? Sisi huku wazima. Najua nimekaa kimya, na wewe umekaa kimya, kwa hiyo tusidaiane. Twende kwenye jambo.

Rehema kaniambia umeuza zile spika. Sawa, spika ni mali, mali huuzwa. Kilichoninyima raha ni maneno aliyosema umeyatamka: kwamba hamu ya muziki imekuishia, kwamba kila ukifungua simu unakuta wimbo uleule umebadilishwa jina. Wewe huyo? Wewe uliyekuwa ukitukesha kwa ubishi na Mwalimu juu ya nani kapiga besi kwenye kibao gani? Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo.

Nina albamu nataka uisikilize. Inaitwa Synthesizing: Ten Ragas to a Disco Beat, ya Charanjit Singh, ilirekodiwa India mwaka 1982. Singh alikuwa mpigaji wa studio kule Bombay, kama Mumbai ilivyoitwa wakati ule. Wale watu ambao vidole vyao vimo kwenye nyimbo za filamu chungu nzima lakini bango halina majina yao. Akapata mashine tatu za Roland, kampuni ya Japani ya ala za umeme, zilizokuwa ngeni kabisa: kinanda cha Jupiter-8, mashine ya ngoma ya TR-808, na kisanduku kidogo cha fedha cha TB-303 kinachopiga besi. Akachukua raga kumi, yaani mifumo ya noti inayojenga muziki wa jadi wa Kihindi, akaziwekea mdundo wa disko. Basi. Albamu haikuuzika, ikasahaulika, hadi ilipotolewa tena mwaka 2010.

Sasa ngoja nikueleze kinachoniudhi, maana utakutana nacho popote utakapoitafuta. Kile kisanduku cha TB-303 kilitengenezwa kimsindikize mpiga gita asiye na mwenzake wa kupiga besi. Wapiga gita hawakukitaka, na mwaka 1984 Roland wakaacha kukitengeneza. Vijana wa Chicago wakaviokota kwa bei ya chini, wakawa wanazungusha vitufe huku mashine inapiga, na mwaka 1987 kundi la Phuture la hukohuko wakatoa "Acid Tracks", ndiyo acid house, muziki wa dansi wa mashine, ikapata jina. Kwa hiyo albamu ya Singh iliporudi, watu wakashangilia: kumbe Mhindi aliwatangulia kwa miaka mitano! Na hadithi ikaishia hapo. Kila anayekupa albamu hii anakupa na hiyo miaka mitano, na wewe unakaa kusikiliza tarehe badala ya kusikiliza muziki. Mtu wa Bombay hakuwa kwenye mbio na mtu yeyote wa Chicago. Alikuwa anafanya kazi yake.

Na kazi yenyewe ni hii, Hamisi. Raga haiendi tu kutoka noti moja hadi nyingine, inateleza katikati, na utamu mwingi umo kwenye huo mtelezo. Ukikaa na mpigaji wa sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi yenye shingo ndefu, utamwona anauvuta waya pembeni ili sauti ipande bila kukatika. TB-303 ina kitufe cha kazi hiyohiyo: noti inaburutwa hadi inaifikia ya mbele yake. Vaa hedifoni uisikilize "Raga Bhairav" utanielewa. Halafu kuna tanpura, ile ala ya nyuzi inayoshikilia sauti ileile nyuma ya mwimbaji toka mwanzo hadi mwisho ili yeye awe na mahali pa kurudi. Humu, kwa sikio langu, besi ndiyo imechukua nafasi ya tanpura. Inazunguka, inazunguka, haina haraka, baada ya muda unaacha kuisikia, na hapo ndipo raga inapojitokeza yenyewe. Mara ya kwanza nilipolipata hilo nilisimama katikati ya chumba.

Mwalimu anasema ni kama simu ya mtu inaita na mwenyewe hayupo. Kasikiliza kibao kimoja, tena nusu, huku anakula! Wala simlaumu, ndivyo tulivyozoeshwa siku hizi: sekunde ishirini, kidole, kingine. Muziki wa namna hii hauwezi kukupa kitu ndani ya sekunde ishirini. Sitakuficha, zipo sehemu ambapo vibao vinafanana mno, na vile vya mwisho ningevipunguza kama ningeulizwa. Lakini isikilize nzima mara moja. Nzima.

Ukishindwa kabisa na Singh, ingia kwa Midori Takada, mpiga ngoma wa Japani, Through the Looking Glass ya mwaka 1983, vibao vinne tu, kila ala kaipiga mwenyewe: marimba, kengele, hata chupa ya Coca-Cola. Ukimpenda, rudi nyuma kwenye kundi lake, Mkwaju Ensemble. Nakiri kwamba hiyo albamu ilifikia watu wengi kwa sababu YouTube iliwasukumia, kwa hiyo mashine zinazotuchagulia nyimbo si adui kila siku. Ila mashine inajua ulichopenda jana. Kufuata jina la mpiga ngoma nyuma ya kasha hadi albamu ambayo hukuijua, hilo ni la mtu, na ulikuwa hodari kuliko sisi sote.

Na yupo Hailu Mergia. Huyu nilitaka kumwekea barua yake, lakini acha. Mpiga kinanda wa Walias Band ya Ethiopia, alibaki Marekani baada ya ziara. Mwaka 1985 akaingia studio peke yake na kodiani, ala ya ujana wake, akaichanganya na sintesaiza, kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme, na mashine ya ngoma. Ikatoka kaseti. Miaka ikapita, akawa dereva wa teksi Washington, kinanda kwenye buti, anafanya mazoezi akisubiri abiria. Halafu Mmarekani mmoja mwenye lebo ya muziki ya Awesome Tapes From Africa akaiokota ile kaseti mjini Bahir Dar, Ethiopia, akamtafuta, akampigia simu. Ikatolewa tena mwaka 2013 na mzee akarudi jukwaani. Kodiani ile inalia polepole kama mtu anayeongea peke yake njiani. Kaseti moja, Hamisi! Ingefutwa ikarekodiwa mahubiri, tusingekuwa na habari.

Lakini anza na Singh. Usisome chochote juu yake zaidi ya haya niliyokwisha kukuharibia.

Hebu nijibu basi. Hamu imeisha kweli, au ni uchovu wa kazi? Unasikiliza saa ngapi siku hizi, na kwa kutumia nini? Bado unaamini muziki usio na maneno hauna habari? Shemeji anasikiliza nini, maana yeye ndiye aliyetuletea Francis Bebey, yule mwanamuziki wa Kameruni, tukamcheka, na sasa kila mtu anamtafuta? Na kaseti za marehemu baba yako zimo bado kwenye lile sanduku, hasa zile zisizo na kasha, zilizoandikwa kwa kalamu? Nani anazitunza? Nipigie picha kila moja, pande zote mbili, kabla mtu hajaamua kufanya usafi. Nauli nikiipata nitakuja na redio ya kaseti mwenyewe.

Wako,
Seif