Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Baraza la chuo chetu: kufuli mlilobadilisha Jumamosi

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu nyingi, na pole kwa uchovu wa vikao. Tunasikia siku hizi baraza letu linakutania hotelini Nairobi, kwa hiyo huenda hujui yanayotokea huku chuoni. Nikueleze basi.

Jumamosi iliyopita, saa nne na kitu asubuhi, nilikuwa ofisini nasahihisha mitihani. Nikasikia keekee inanguruma ghorofa ya juu. Nikafurahi, kwa sababu choo cha huko kinavuja tangu Machi na maji yananidondokea juu ya kabati la vitabu. Nikapanda nikamshukuru fundi. Kumbe fundi ni wa kufuli, kapiga magoti mbele ya mlango wa Makamu wa Chansela, yule anayekiendesha chuo kila siku, na askari wawili wa lango wamemsimamia. Karani wa utawala aliponiona aligeuka akaanza kusoma tangazo ubaoni. Tangazo la mwaka juzi.

Jioni barua ikatua kwenye kundi letu la WhatsApp: Makamu wa Chansela amekwenda likizo "kupisha shughuli", kaimu keshapatikana. Shughuli gani, barua haikusema.

Mheshimiwa, simtetei mtu. Mimi na huyo bwana hatujawahi kupikika chungu kimoja. Ameninyima likizo ya utafiti mara mbili. Ungeniuliza, huenda ningekwambia aende zake. Lakini hukuniuliza. Hukumuuliza mhadhiri yeyote, wala seneti ya chuo, inayosimamia masomo, ambayo ilikuwa na kikao siku nne tu kabla ya hapo na ikajadili rangi ya majoho.

Najua utanijibu kwa sheria. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inataka baraza liwe na watu tisa: wewe, wawakilishi wa wizara mbili, watano walioteuliwa na Waziri, na Makamu wa Chansela mwenyewe. Mhadhiri hana kiti, mwanafunzi hana kiti. Sawa. Je, sheria hiyo inakukataza kuuliza? Ulipotambulishwa kwetu pale ukumbini ulisema mlango wako u wazi. Tukapiga makofi, mimi nikiwa mmoja wao. Nimekuandikia barua tatu tangu siku hiyo, na nakala zenye muhuri wa kupokelewa ninazo.

Sisi wa zamani tunakumbuka Rais akiwa chansela wa kila chuo cha umma. Kibaki alipoiachia kofia hiyo 2003 tukasema sasa tumepumua. Mwaka 2005 Profesa George Magoha akawa wa kwanza kuupata umakamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushindania waziwazi. Halafu 2018 sheria ikaguswa tena, usaili ukapelekwa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Tume ikasaili, baraza la Nairobi likamtangaza Profesa Stephen Kiama, na Januari 2020 Waziri wa Elimu akautengua uteuzi na kulivunja baraza lenyewe. Waziri huyo alikuwa nani? Magoha yuleyule. Ilibidi mahakama iingilie.

Na siyo mawaziri tu. Septemba 2016 Jackson Mandago, wakati huo Gavana wa Uasin Gishu, aliongoza maandamano hadi Chuo Kikuu cha Moi kumpinga Profesa Laban Ayiro, aliyeteuliwa kukaimu, kwa kuwa si mwenyeji. Eti wanataka mtu wao. Chuo Kikuu cha Daystar hakikumwona mgeni. Baadaye kilimpa umakamu wa chansela.

Kwetu je, ni nani aliyepiga simu? Wapo wanaosema ni mheshimiwa fulani wa jimboni. Wengine wanasema ni zabuni ya ukuta wa mabweni, kwamba mzee alikataa kutia sahihi. Dereva wa basi la chuo ana hadithi yake, na kusema kweli ndiyo inayoingia akilini kuliko zote, ila siwezi kuiandika hapa. Mkinyamaza ninyi, sisi tufanyeje? Tutamsikiliza dereva.

Kila kaimu anapokuja, madeni yetu yanarudi mwanzo. Mshahara wangu unakatwa mkopo wa sacco kila mwezi, hati ya malipo inaonyesha, lakini sacco inasema haijapokea kitu tangu Januari. Mdhamini wangu, tunayeshiriki naye ofisi, ameanza kukatwa yeye. Hanisemeshi. Chai anakunywa akiangalia dirishani. Aliyeondoka aliahidi kulishughulikia mwezi huu. Huyu aliyeingia ameomba apewe muda "aelewe mambo". Wa kabla yao aliomba muda huohuo.

Siombi kiti kwenye baraza. Siombi hata huyo bwana arudishwe. Nilitaka kuomba alama za usaili zitolewe hadharani, nikajionya nisiote mchana. Naomba ukurasa mmoja, Mheshimiwa. Ukurasa mmoja wenye sahihi yako, usomwe mbele ya seneti, useme kaondolewa kwa nini na nani alitaka hivyo. Hata nusu ukurasa. Tuulizeni kabla, na kama mmeshindwa kutuuliza kabla, tuambieni baada.

Wako mtiifu,
Mhadhiri, ghorofa ya pili
(Jina nimelibana, mkataba wangu unaisha Agosti.)

Tanbihi: Choo bado kinavuja. Yule fundi wa kufuli alilipwa siku ileile, taslimu, nikiwa nimesimama pale ngazini.