Yah: Tela la kulala mlilotukodisha kwenda Jangwa la Chalbi

Malindi,
4 Septemba 2023

Kwa Meneja,
Malindi.

Bwana Meneja,

Asalaam aleikum. Tulirudi tarehe 23 Agosti, na siku hiyohiyo karani wako aliniambia nitapigiwa simu kesho yake. Leo ni siku ya kumi na mbili, kwa hiyo naandika.

Kwanza nikuondoe wasiwasi: silalamikii jangwa. Mliahidi joto, tumelipata. Mliahidi chumvi iliyogandamana mpaka macho yaume, nayo ipo. Mwanangu wa miaka kumi na mbili aliona mazigazi, akabisha kuwa ni maji mpaka tulipoyafuata yakahama. Mama mkwe wangu, aliyekubali safari nzima kwa sababu ya ngamia, aliwaona ngamia wa Wagabra, wafugaji wa huko, wakiteremkia maji ya Kalacha, na mikoche imesimama pale kama ya kwetu huku pwani. Alifurahi sana. Chalbi haikutupunja hata kidogo.

Aliyetupunja ni tela.

Mimi ni fundi wa vyombo vya baharini. Nimezaliwa Matondoni kule Lamu, na nimeshika shoka na keekee kabla sijaota ndevu. Sijui mengi ya magari, lakini nyumba inayosafiri naijua, maana jahazi ni hiyohiyo. Chombo hakishushwi majini mpaka mtu apite mbao kwa mbao, aangalie kalafati, ile pamba ya kuziba mianya, atie sifa, yaani mafuta ya samaki ya kupaka mbao, ahesabu kamba na mitungi ya maji. Hilo tela lenu halikupitiwa na mtu. Lilipakwa rangi.

Mpaka Marsabit sikuwa na neno. Tulilala Mtito Andei, tukalala Isiolo, na kutoka Isiolo kwenda juu ni lami tupu, tela linafuata gari kwa adabu. Usiku wa Marsabit kuna baridi, hata feni hatukuiwasha. Hizo siku tatu ndizo mlizotengenezea tela lenu, naona.

Tarehe 17 tulitoka Marsabit tukaiacha lami. Barabara ya kuelekea Maikona ni changarawe na mawe meusi ya volkano, na ina mikunjo kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Kabla hatujafika Kalacha jani moja la springi ya kushoto lilikatika. Dereva wenu alichungulia chini, akafungua sanduku la vifaa, akatoa spana mbili na kitambaa. Jeki haikuwemo. Tulisaidiwa jeki na lori la mbuzi. Nikachonga kipande cha ubao kutoka kwenye kitanda cha juu (ndiyo, ni mimi niliyekikata, msimdai dereva), nikakikaza kati ya ekseli na chasisi, nikakifunga kwa kamba kama tunavyofunga foromali, ule mti wa kushikia tanga, kwenye mlingoti. Kamba hiyo ni yangu. Ilitufikisha Kalacha, ikaturudisha Marsabit, na huko fundi akatutoza shilingi 6,500.

Dereva mwenyewe ni kijana mzuri na ninaomba barua hii isimfukuzishe kazi. Tulipoingia mchangani alitaka kupunguza upepo wa matairi. Kila anayepita mchanga anajua hivyo: tairi likilegea hutanuka, likakanyaga mchanga badala ya kuukata. Lakini ukishapunguza lazima uwe na pampu ya kurudishia, naye pampu hakupewa. Basi akaenda na matairi magumu kama ya lami, tukazama mara nne. Mara ya tatu mke wangu aliacha kushuka.

Sasa upepo. Hapa ndipo ninapotaka msome polepole.

Agosti ni kusi, upepo wa kusini. Mtoto yeyote wa Malindi anajua. Kule Chalbi upepo unatoka upande huohuo wa kusini mashariki, ila unapita katikati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, unabanwa, unatoka na nguvu, na usiku ndio hasa unapochacha. Upande wa Loiyangalani, katika ukanda huohuo, wamesimamisha mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo. Wao walijua kuna upepo. Ninyi mnaouza safari za huko mmetupa tela ambalo mpira wa mlango umekauka na kupasuka, na dirisha la jikoni linashikwa kwa selotepu.

Usiku wa kwanza tuliamka saa tisa tukidhani moshi. Lilikuwa vumbi. Lilikuwa kwenye shuka, ndani ya birika, puani, kwenye dawa za presha za mama mkwe. Ukifunga dirisha unakosa hewa, maana feni haikuzunguka: betri ilikuwa imekufa, na paneli ya sola iliyoko juu haikuwa imeunganishwa na kitu. Nilifuata waya kwa kidole mpaka mwisho wake. Umekatwa na kupindwa vizuri ndani ya kabati. Aliyeupinda alijua anachokifanya.

Maji nitayasema kwa kifupi. Karatasi yenu inasema tangi la lita 100. Tulipofika lilitoa ndoo mbili, na yalinuka plastiki. Watu watano, pamoja na dereva, katika joto lile, mtu mmoja anahitaji lita nne au tano za kunywa peke yake kwa siku. Tulinunua maji ya madumu Kalacha, shilingi 1,400. Mtungi wa gesi nao ulikwisha kabla chai ya pili haijachemka, tukapikia kuni.

Usiku wa pili mama mkwe alichukua mkeka wake aliotoka nao nyumbani, akautandika nje upande usio na upepo, tela likiwa limemkinga, akalala fofofo. Asubuhi akasema, "Mwanangu, mbona siku zote hizi tunalipia bati?" Usiku wa tatu tulitoka wote. Nyota zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwanangu alikataa kufumba macho. Ndiyo kumbukumbu nzuri kuliko zote, na tela lenu lilishiriki kwa kuwa ukuta.

Madai yangu basi. Gari, mafuta na dereva sivigusi, hivyo tulivipata. Tela mlinitoza shilingi 12,000 kwa usiku, siku tisa. Siku tatu za mwanzo nalipa kwa moyo mweupe. Siku sita zilizobaki, tatu tulilala kwenye vumbi au nje na tatu za kurudi tulilala gesti kwa sababu ndani hamkukalika. Hizo ni shilingi 72,000. Gesti sizidai, kwani hata hivyo pa kulala ningepalipia. Ongezeni 6,500 za springi na 1,400 za maji. Jumla 79,900. Risiti ya fundi nimeambatisha, na picha za ule waya pia.

Nawapa siku kumi na nne. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora unaostahili, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Langu linaingia humo na nafasi inabaki. Ningependa zaidi tumalize ofisini kwako kwa kahawa, kwa sababu tunakutana sokoni na tutaendelea kukutana.

Na kabla hamjamkodisha mtu mwingine, leteni tela karakana kwangu. Mpira wa mlango nitawaonyesha jinsi ya kuuweka, bure. Hilo la sola tafuteni fundi umeme.

Jambo la mwisho: birika la mama mkwe lilibaki kwenye kabati la juu, upande wa kulia. Ni la shaba na ana nalo tangu aolewe. Hilo halingoji siku kumi na nne.

Wenu,
Fundi wa vyombo, mteja wenu wa tarehe 14 Agosti